Mwaka Huu Watatoa ya Kwetu

Jumamosi iliyopita niliirusha simu yangu kwenye kochi kwa nguvu mpaka binti yangu akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa povu la sabuni, kuuliza nani amekufa. Hajafa mtu, nikamwambia, endelea na vyombo vyako. Nawe rafiki yangu, kwa kuwa umeniuliza mbona siku hizi nimekuwa mkali kama pilipili kichaa, kaa nikuhadithie. Ni habari ya treni ndogo. Cheka kwanza, umalize, halafu tuendelee.

Mie ni mwanamke mzima, nina watoto na majukumu, na nimo kwenye kundi la simu la watu wanaopenda treni ndogo. Sizungumzii zile za plastiki za sokoni zinazolia na kuwaka taa. Nazungumzia treni zinazotengenezwa kwa vipimo, kila ngazi na kila kitasa mahali pake. Unaitoa kwenye boksi ikiwa tayari, unaiweka kwenye reli yake, unawasha umeme, inakwenda. Kila mwaka ukifika msimu wa watengenezaji kutangaza vitu vipya, kundi huchemka. Huyu kasikia, yule kaona picha, mwingine ana shemeji anayejua siri za kiwandani. Mwaka huu uvumi ulikuwa mmoja: inakuja treni ya Tanzania.

Ningekuwa peke yangu ningeuacha uvumi ubaki uvumi. Ila hapa Kimara naishi na baba. Baba alikuwa dereva wa treni kwenye reli ya zamani, na sasa macho yake yanaondoka. Ni presha ya macho. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba hata mwanga kidogo uliobaki hautakaa. Mie nilitaka kitu kimoja tu: injini yake itengenezwe, aishike mkononi na kuitazama kabla giza halijafunga kabisa. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo tangu utotoni, kabla hata sijajua kwamba macho ya mtu yanaweza kuisha.

Tulikulia Gongo la Mboto, nyumba yetu ikitazama reli. Asubuhi ilinukia kuni na mihogo ya bibi, aliyoikaanga uani kwenye karai kubwa na kuipaka chumvi na pilipili ya ndimu. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kuteka maji, na kuanua shuka nyeupe za mama kabla treni haijapita, maana moshi wa dizeli uliacha masizi. Nikichelewa nilizifua upya mwenyewe. Hatukuhitaji saa. Vikombe vya kabatini vilianza kugongana kabla hujasikia mngurumo, na bibi akiwa hata hajainua kichwa kwenye karai alimwambia mama, "Mumeo huyo." Baba akitoka bara kuelekea stesheni ya mjini alipiga honi akipita kwetu, fupi, fupi, halafu moja ndefu, na mama akainjika sufuria. Haikuwa ruhusa. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyemchongea.

Mpaka leo mtu akipiga honi barabarani ovyo ovyo huwa namtukana kimoyomoyo. Honi ni kitu cha kumwambia mtu unayempenda kwamba unakuja. Hawa wanapigia nini?

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vyuma kando ya barabara ya Pugu, naye aliishi na familia yake nyuma ya duka hilo. Sie watoto tulimwita Babu wa Vyuma. Mwezi wa Muharamu waliweka mapipa ya sherbati mbele ya duka, yenye barafu na vijimbegu vinavyoteleza ulimini, na kila mpita njia alikunywa bure. Lakini siku yetu hasa ilikuwa Idi. Baada ya sambusa alifunga mapazia ya chumba cha kulia, akatoa boksi kabatini, akaipanga reli ndogo juu ya meza, mwenyewe akijiimbia chini chini. Injini yake ilikuwa nyeusi, ya mvuke, ya Uingereza, aliyoletewa na kaka yake aliyeishi huko. Tulikaa mikono tumeshanawa na hakuna kugusa, tukaitazama ikizunguka bakuli la tambi na sahani ya halua, huku chumba kikinuka udi na mafuta ya mashine.

Na ikitokea treni ya kweli ikapita wakati huo, nyumba yote ilitikisika na ile ndogo ikaanguka kutoka relini. Hapo ndipo ungetusikia! Treni ya baba imeipiga ya Mwingereza! Tulishangilia mpaka koo zikakauka. Babu wa Vyuma angeweza kukasirika, kwani kitu chenyewe kilikuwa ghali na laini, lakini alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Kaka yake huyo alimletea pia, kila mwaka, kitabu cha picha cha watengenezaji. Kikifika tuliitwa barazani. Tulifunua ukurasa baada ya ukurasa tukitafuta ya kwetu, na mabishano yake usiseme. Mie nilisema wataanza na injini ya baba, ile ya kijani yenye mstari wa njano ubavuni, hakuna nzuri kuishinda. Mtoto wa mwalimu akasema haiwezekani, Wazungu wanapenda za mizigo. Mwingine akaapa kwa Mungu kwamba amewaona Wazungu pale stesheni wakiipima kwa kamba. Uongo mtupu, lakini usiku ule hatukulala vizuri kwa furaha.

Kitabuni zilikuwemo za Waingereza, za Wajerumani, za Wamarekani, za Waswisi zenye theluji mpaka kwenye paa. Ya kwetu hakuna. Mwaka mmoja tuliona neno Afrika tukaruka juu. Lilikuwa behewa la sarakasi, na twiga katoa shingo nje. Twiga! Watu wamechimba milima, wamelaza mataruma chini ya reli, wengine wamezikwa kando ya reli hiyo hiyo, halafu ukigeuza ukurasa unaonyeshwa twiga. Nilikuwa mtoto wa kuvaa kaptula chini ya gauni, na nakumbuka masikio yalivyoniwaka moto. Babu wa Vyuma alikifunga kitabu taratibu akasema maneno aliyoyasema kila mwaka: "Mwaka huu hapana. Mwaka kesho watatoa ya kwetu, inshallah."

Bibi naye alikuwa na yake, subira yavuta heri. Nimeivuta, bibi yangu. Nimeivuta mpaka kamba imenikata viganja, na upande wa pili sijaona heri wala ndugu yake.

Kundini wanaelezea kwa upole sana kwa nini. Reli yenu ya zamani ni nyembamba, haiingii kwenye vipimo vya viwanda, wanasema, na soko halipo. Sisi ambao tungeinunua kwa machozi hatuhesabiki kuwa soko.

Nyumba yetu ile haipo tena. Ilipokuja habari ya reli mpya ya umeme, walipita watu na kopo la rangi nyekundu wakachora X ukutani, pale pale mama alipozoea kutundika ungo. Tukaambiwa tumejenga ndani ya hifadhi ya reli. Sikia hilo, rafiki yangu: mtu aliyeiendesha reli hiyo ujana wake wote anaambiwa ameivamia reli! Mama na bibi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, na nilishukuru kwamba hawakuliona katapila likiingia uani. Baba hakubishana. Alitoa kabati la vyombo, akasimama kando, akawauliza vijana wa katapila kama wameshakunywa chai. Mie nilitukana mpaka sauti ikaisha. Duka la Babu wa Vyuma likaenda siku hiyo hiyo. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, na wanawe wakahamia ng'ambo. Injini za kina baba nazo zikakatwa vipande, zikauzwa kuwa chuma chakavu.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na umeme. Hiyo treni mpya nimeipanda, ni safi, inakwenda kasi, na choo kinafungika. Ugomvi wangu ni kufutwa, kana kwamba kabla yake palikuwa na pori tupu.

Basi uvumi ulipokolea nilimwambia baba, na baba akawaambia wenzake. Wastaafu wa reli hawajui kusikia habari na kutulia nayo. Jumamosi ya kutangazwa walifika watatu asubuhi asubuhi: gadi, yaani msimamizi wa treni aliyekuwa akikaa behewa la mwisho, fundi wa karakana, na stesheni masta. Mashati yamepigwa pasi, kofia kichwani, utadhani wameleta posa. Nilishapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hata maji ya kunywa hawajapewa, ubishi umeshaanza.

"Itakuwa ile ya huyu bwana," fundi alisema akimwonyesha baba. "Ile ndiyo iliyokuwa injini."

"Ile?" gadi akamkata. "Si ndiyo ilikuwa inazima kila ikipanda mlima wa Pugu?"

"Ilikuwa inazima kwa sababu yako! Treni inaondoka we bado unanunua mananasi."

"Nyie wote hamjui kitu," alisema stesheni masta. "Na mlima wenyewe siyo ule."

Baba alikuwa akicheka kichinichini, kichwa kakielekeza zinakotoka sauti. Wazee hawa hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Waulize leo ni siku gani, watagombana. Na mie nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya barazani, simu mkononi na moyo unadunda kama wa mtoto.

Picha ikaingia. Ilikuwa treni ya umeme. Ile mpya, imechongoka pua, inang'aa, na chini yake wameandika kwa mbwembwe kwamba Tanzania imewasili, toa kwenye boksi uendeshe. Kundi likalipuka kwa makofi na pongezi. Hongereni Watanzania! Treni ya kwanza ya kwetu kuingia kwenye vitabu vyao ni ile iliyopita juu ya jiko la mama yangu.

"Imetoka?" baba aliuliza. "Ipi?"

Nilifungua mdomo. Wale watatu walikuwa wameshainama kwenye simu na wameshaona. Gadi alinishika kifundo cha mkono, akabana.

"Ndiyo yenyewe, mwenzangu," akasema. "Injini yako."

"Kijani vilevile," alisema fundi.

"Na mstari wake wa njano," akasema stesheni masta. "Wameupatia hasa."

"Wameupatia," gadi akaitikia. "Hata ngazi ya kupandia ipo."

"Ngazi ipo kweli."

Baba alinyoosha mkono, nikampa simu. Akapitisha kidole gumba juu ya kioo, polepole, toka pembe hii mpaka ile. "Na honi?"

"Juu ya paa, mahali pake," alisema fundi.

"Mahali pake hasa," akasema gadi.

"Alhamdulillahi," alisema baba, akanirudishia.

Wakala, wakasifu samaki, wakaondoka mapema kuliko walivyozoea. Niliwasindikiza mpaka barabarani. Gadi hakuweza kunitazama. "Usimwambie, mama," ndilo neno lake pekee. Nikaitikia.

Niliporudi ndani baba alikuwa amekaa pale pale, mikono magotini.

"Ni ile ya umeme, siyo?" akauliza.

"Baba, umeiona?"

"Nimeona mwanga tu. Lakini watu wale nimefanya nao kazi kabla hujazaliwa. Lini umemsikia gadi akikubaliana na fundi? Wamenena kwa sauti moja kama wanaitikia dua. Wangekuwa wanasema kweli wangegombana."

Nikamwambia basi niwapigie simu, wajue kwamba amejua, yaishe. Akakataa kwa kichwa.

"Wao nao walikuja na njaa ileile, mama. Wakanyamaza ili mie nishibe. Usiwaambie kama nimejua. Waende nyumbani wakidhani wamenifurahisha."

Hapo ndipo simu iliporuka. Nilitaka akasirike. Maisha yangu yote nimengoja mtu huyu apige meza, aseme hapana, mmenikosea, na kila mara anawauliza wengine kama wamekula. Upole wake naujua ni ucha Mungu, watu wote wanamsifia, na mie siku ile niliuchukia, nisamehe kwa kusema hivyo. Wale walioivunja nyumba yake wanalala vizuri. Walioichonga treni ile wanapokea pongezi. Wazee wanne wenye adabu wanadanganyana sebuleni kwangu ili kila mmoja amfiche mwenzake kwamba wamesahauliwa.

Tangu siku hiyo kundi linauliza nani anaagiza. Sijajibu. Nyumba ambayo ningeipelekea treni kama hiyo ilikuwa ile ya Gongo la Mboto, na sasa pale pana uzio na kokoto. Wazee wale wakiondoka, na wanaondoka, hakutakuwa na mtu hata wa kubishana injini ile ilikuwa inazima mlima gani. Watoto wangu watapata watoto wao, na hao wataamini kwamba treni ilianza siku ile picha ilipoingia.

Baba aliniomba nisiwaambie wenzake, na sitawaambia. Lakini hakunikataza kukasirika.