Bamba la Mlangoni

Mwanangu, siku moja ya ujana wangu haijanitoka akilini: ile ambayo gari la deraya, ambalo huku tunaliita blinde, liliingia katika karakana yetu ya uchomeleaji hapa Kolwezi. Malori ya migodini nilikuwa nimeyazoea. Gari lililotengenezwa ili lipigwe risasi nilikuwa nimelisoma tu katika vitabu vikuukuu nilivyonunua sokoni.

Nikueleze lilivyoundwa, maana bila hilo hutanielewa. Lilikuwa na magurudumu manne, yote yakisukumwa na injini, kwa hiyo kwenye barabara nzuri lilikwenda kasi kuliko kifaru cha minyororo. Ndani ya kila tairi mlikuwa na pete ngumu ya mpira, ili likitobolewa liendelee kutembea. Mabamba yake yalilazwa mshazari ili risasi iteleze badala ya kuingia. Juu palikuwa na mnara unaozunguka, wenye mzinga. Injini ilikaa nyuma, hivyo hapakuwa na mlango wa nyuma. Watu watatu waliokaa ndani walitoka kwa mlango wa kushoto, kwa mlango wa kulia, au kwa tundu la mnarani. Basi. Aliyelichora alipima uzito wa kila kipande, kwa sababu gari lenye mnara juu likilemewa huanguka upesi.

Lilikuwa likisindikiza malori kwenye barabara ya Mutshatsha. Risasi nzito ilikuwa imepenya mlango wa kulia na kumuua mpiga mzinga. Damu, askari wenzake walishaiosha. Tundu lilikuwa dogo. Ungeweza kuliziba kwa kidole gumba. Kapteni wao alitaka milango yote miwili iongezewe mabamba.

Mabamba tulikuwa nayo: kile chuma kigumu kinachotandikwa ndani ya sanduku la lori la mgodini ili mawe yasilitoboe. Huku kwetu chuma hicho tunakitumia kwa kila jambo, hata pasipofaa. Nilipima, nikakokotoa unene wa kuizuia risasi ile, nikayakata, nikampelekea mkuu wa karakana, Tata Mukendi.

Dereva wa gari, Sajenti Kasongo, mtu wa Kapanga aliyependa utani, alilipiga bamba konde.

"Mudogo, unaniwekea mulango ya banki! Bibi yangu atafurahi, sitamutoroka tena."

Tata Mukendi hakucheka. Aliyashika mabamba kwa vibano tu, bila kuyachomelea, akaniambia niingie nifunge. Kisha akaagiza winchi iinue upande wa kulia mpaka gari likainama na mlango ukaelekea juu.

"Sasa toka," akasema kutoka nje.

Nilisukuma kwa mikono. Nikasukuma kwa mgongo, kisha kwa miguu. Mlango uliinuka kidogo tu, mwanga ukaingia, halafu ukanirudia. Ilibidi wao wanitoe.

"Risasi umeipima," Tata Mukendi aliniambia mbele ya wote. "Na muntu mwenye iko mu ndani, ulimupima?"

"Tata, bila bamba risasi itaingia."

"Itaingia, sikatai. Lakini ile ni mulango. Kama haifunguke, umejenga ukuta."

Alimpa kapteni njia nyingine: mabamba yashikwe kwa pini zinazovutwa kutoka ndani, ili mtu akizivuta yaanguke na mlango ubaki mwepesi. Kazi hiyo ingechukua siku kadhaa.

"Kesho tunatoka," kapteni akajibu. "Bantu bangu banakufaka na risasi, Tata. Hakuna mwenye alikufa na mulango."

"Basi, shefu, mi sitaichoma."

Wakaenda karakana nyingine, na jioni hiyohiyo mabamba yakachomelewa. Kasongo alipita mbele yetu akipiga honi. Mimi nilimwona Tata Mukendi mwoga, na tena mtu wa kufukuza wateja.

Mvua zilipoanza, askari wa kapteni yule walikuja kutuita tupeleke mitungi ya gesi na vifaa vya kukatia chuma. Ukingo wa barabara ulikuwa umemeguka chini ya uzito wa gari, nalo likabingiria hadi kwenye dembo, yaani bonde lenye maji. Mnara ulikuwa umezama katika tope. Mlango wa kushoto ulikuwa chini. Wa kulia ulitazama mbingu, na bamba lake lilikuwa limepinda wakati wa kuanguka, likang'ang'ania fremu. Askari walikuwa wamelipigia vyuma tangu asubuhi. Maji yalikuwa yakiingia ndani polepole.

Tulipofika bado mtu alikuwa akigonga.

Tata Mukendi alipiga magoti juu ya gari, akawasha moto, akaanza kukata. Chuma kile kilikuwa kinene kama nilivyokokotoa, na moto ulikwenda taratibu. Alikuwa hajafika nusu ya ukingo wa mlango kugonga kulipokoma.

"Kasongo!" kapteni akaita. "Kasongo, gonga tena!"

Tata Mukendi hakuacha kukata. Alikata mpaka mwisho, ingawa kila aliyekuwa pale alishajua.

Mlango ulipotolewa, niliukagua kwa viganja vyangu, mbele na nyuma. Haukuwa na alama ya risasi hata moja.

"Tata, ulinambia," kapteni akasema, ameketi topeni.

"Tafuta blanketi, shefu. Tatu."

Mwanangu, leo unachomelea nondo madirishani kwa watu wanaoogopa wezi, na wanakulipa vizuri wakiona chuma kinene. Hofu yao ni ya kweli, usiicheke. Lakini mtu mwenye hofu hutazama upande mmoja tu, ule hatari ilikotokea jana. Wewe fundi ndiye wa kutazama pande nyingine. Kabla hujafunga kitu kwa ajili ya kumlinda mtu, ingia ndani mwenyewe, ufungiwe, ujaribu kutoka gizani, nyumba ikiwa na moshi, mkono mmoja ukiwa umembeba mtoto. Ukishindwa, usikichomelee, hata mteja akikuita mwoga, hata akienda kwa jirani yako.

Mungu ailinde mikono yako. Akupe moyo wa kukataa kazi mbaya, na kila utakayemfungia mlango, aamke salama aufungue mwenyewe.