Bastola Haichaguliwi kama Khanjari

Wiki iliyopita nilikuwa katika duka la silaha za michezo, mtaa wa Ruwi, nikimngoja mpwa wangu. Mbele yangu kwenye kaunta alisimama msichana aliyekuwa na mchujo wa timu ya shabaha siku ya pili yake, pamoja na ami yake, mwenye kulipa.

Ami aliichagua bastola kama watu wetu wanavyochagua khanjari, jambia la kuvaa kiunoni siku za sherehe. Aliipima uzito kiganjani, akausugua mpini kwa kidole gumba, akaufurahia mng'aro wa fedha.

"Chukua hii. Utalengea, na nyumba italindwa."

Msichana aliishika ikiwa tupu. Akaielekeza kwenye alama ya ukutani, akafumba macho, akashusha mkono, akaunyanyua tena, ndipo akafumbua. Mdomo wa bastola ulikuwa pembeni kabisa ya alama. Akafanya vile vile na bastola nyeusi, nyembamba, isiyo na pambo. Hiyo ikaelekea alama sawasawa.

"Ami, ile kubwa ya fedha kidole changu hakifiki kwenye kifyatulio. Kesho ntaachwa."

"Na mwizi akija, utamtisha na hiki kijiti?"

"Wewe si unalala ukumbini? Mkoromo wako unamtosha."

Tulicheka sote, ami naye pia, akailipia nyeusi.

Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuweka silaha nyumbani; kila usiku alikuwa akitia komeo, akisoma Ayatul Kursiyyu, aya ya kinga, akilala. Nami nafanya hivyo hadi leo, na silali kwa khofu. Silaha ya mchezo na ichaguliwe na mkono utakaoishika. Nyumba ina Mlinzi wake.