Vita kwenye Meza ya Kukatia Nguo

Mpaka leo sijui kama Jumapili ile tulikuwa tunacheza au tulikuwa tunagombana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza mchezo, kwa hiyo mtu angetarajia nijue.

Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua nani kapiga na nani kakosa. Kaka yangu aliuleta nyumbani akitoka chuo, akanifundisha, kisha akaniachia kazi ya kusimulia kwa sababu eti mimi nina mdomo. Tulikuwa wanne: yeye, mke wake, mimi, na jirani yangu mwenye duka la vitambaa mkabala na cherehani yangu hapa Tawa, mama wa Kiislamu kutoka kaskazini mashariki ambaye mchezoni hupigana bila huruma hata kidogo.

Tangu mama afariki mwaka jana, kaka na mimi hatukuwa na mahali pengine pa kukutana. Yeye anakaa Tulia, kwenye shamba la mama, maana ndiye aliyeachiwa, na simu zake ni za salamu tu. Mchezo ukifa, basi ndugu ndio huyo ameenda. Na mchezo ulikuwa unakufa. Vita vyetu vilikuwa watu wamesimama uwanjani wakirusha dadu mpaka mmoja aanguke. Jumapili moja kaka alipiga miayo akasema, "Kama ni hivi tu, next week sidhani nitakuja."

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Nikasoma kwenye simu kwamba dawa ni ardhi: weka kilima, mwamba wa kujifichia, mahali pembamba pa kupita, na vita vitachangamka vyenyewe. Wiki hiyo nikafunga kazi mapema, nikapanga meza ya kukatia. Nilitandika gunia, chini yake nikaweka vitabu vya mitindo ili nipate mteremko. Matuta niliyafanya kwa vipande vya jinzi, na kando ya kila tuta mtaro wa uzi mweusi. Mto niliumwagia mchanga halisi. Majambazi walikuwa vifungo vya koti, wanane, wamekaa juu wakisubiri. Nilijiona fundi kweli.

Hakuna aliyewashambulia. Wifi yangu aliuangalia mto mkavu, akatangaza kuwa mtu wake anachimba kisima mchangani kabla ya lolote. Nikamwambia majambazi wanamwona. "Wacha wanione," akasema, "nitapigana aje na kiu?" Jirani akauliza kama huko juu kuna mawingu, kwa sababu yeye hatasimama mtoni maji yakija. Sikuwa nimefikiria mawingu. Kaka naye aliinama, akakagua matuta, akatikisa kichwa. Udongo, yaani ile jinzi, nilikuwa nimeuweka upande wa chini wa mtaro. "Udongo hutupwa juu, upande wa mlimani," akasema. "Nani alichimba hii?" Mhusika wake, shujaa wa panga mbili, akatumia zamu tatu nzima kurekebisha mitaro huku majambazi wangu wamekaa tu kama wageni ambao hawajakaribishwa chai. Nilipekua maelezo kwenye simu. Hakuna mahali palipoeleza ufanye nini wachezaji wakianza kulima.

Kaka alipofika tuta la tatu, akaliinamia. Hapo palikuwa na pengo la upana wa vidole viwili. Akamsimamisha shujaa wake pengoni na kusema, "Wapitie hapa." Na hapo, sijui vipi, vita vikaanza kweli. Majambazi hawakuwa na njia nyingine ya kushuka, wakaja mmoja mmoja. Jirani akawarushia mawe kutoka ukingoni, wifi akainuka kitini. Kaka alipigwa mara tatu na akakataa kurudi nyuma hata hatua moja. Nikamwambia shujaa wako anakufa. Akasema anajua.

Shujaa alipoanguka, kaka hakucheka wala kulalamika. Alinitazama.

"Si ungeniambia tu kwa simu," akasema. "Badala ya kuniwekea hapa mbele ya watu."

"Nikuambie nini?"

"Ati tuta la tatu la mama limebomoka, na mimi niliyeachiwa shamba silitengenezi."

Nikaangalia meza. Mteremko, mto kule chini, matuta matano. Lilikuwa shamba letu, na mikono yangu ilikuwa imelijenga bila kuniuliza. Lakini lile pengo sikuliweka. Jinzi iliniishia, basi. Ningeweza kunyamaza, aamini kwamba nilienda nikaona kwa macho yangu. Nilitaka kumkasirikia, na sikujua kwa kosa gani.

"Sikujua limebomoka," nikasema. "Sijaenda huko."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike."

Shamba liko nusu saa kwa boda kutoka mlangoni mwangu. Wifi akaanza kuokota vifungo, jirani akatafuta viatu vyake. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Kaka aliweka kidole penye pengo, akakiburuta polepole kushuka mteremko, juu ya gunia, mpaka mahali ambapo nyumba ingekuwa, na kando ya nyumba, kaburi.

"Mvua ikinyesha maji yanapita hapa, yanaenda kwa mama," akasema. "Nimejaza hapo mara mbili. Nikijaza huku yanabomoa kule. Hiyo kazi inataka watu wawili."