Kanyaga, Shikilia, Achia

Siku ya kwanza chuoni, darasa zima lilisimama nilipoingia. "Shikamoo, mwalimu!" wakasema kwa pamoja. Nikaitikia marahaba, kwa sababu shikamoo hairudishwi, nikapita katikati ya madawati nikaenda kukaa nyuma. Baada ya muda akaingia mwalimu mwenyewe, kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Akaniona, akaniamkia shikamoo na yeye. Darasa likawa halijui limheshimu nani. Nilikuwa na miaka arobaini na nane, na nilikuwa nimekuja kusoma miaka miwili ya ufundi wa mitambo kama wao.

Kilichonipeleka huko ni hasira. Marehemu mume wangu aliniachia mashine ya kusaga pale Kisesa, yenye injini ya dizeli, na kila ilipozima nilimwita fundi. Fundi anafungua, anatikisa kichwa, anasema "nozeli", anaondoka na kipande cha injini mfukoni, harudi. Huku wanawake wamepanga mabeseni ya mahindi hadi barabarani, wananitazama mimi. Siku moja nikamuuliza fundi mmoja, hiyo nozeli ni kitu gani hasa? "Mama, hayo ni mambo ya kiufundi," akanijibu, hata macho hakuinua. Nikafunga banda la mashine kwa kufuli, nikaapa kwamba injini ile haitafunguliwa tena na mtu yeyote isipokuwa mimi. Majirani wakasema hasira hasara, wakaenda kusaga kwingine. Nami nikatafuta cheti changu cha kidato cha nne kwenye sanduku, ng'ombe wawili wakageuka ada, nikahamia Butimba kwenye chumba cha binti yangu, aliyekuwa akisomea ualimu.

Karakanani tulifanya kazi wawili wawili kwa kufuata orodha, na orodha ikanipa kijana wa Misungwi, mrefu mpaka miguu yake ilibaki nje ya kila gari alilolala chini yake. Alikuwa na miaka ishirini na saba, amekulia machungani, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Kazi yetu kubwa ilikuwa breki za pikapu moja kuukuu. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, haikwepeki. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedeli. Mwenzake yuko uvunguni, anafungua nati ndogo upepo utoke, na anaifunga kabla mguu haujaachia. Ukiachia mapema upepo unarudi, kazi inaanza upya. Kwa hiyo aliye chini anatoa amri, aliye juu anatii.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!" alikuwa akinguruma kutoka chini. "Mayu, unalala?" Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu.

"Nani unamswaga, ng'ombe wako?" nami namjibu. "Funga nati hiyo!"

Tukimaliza, aligonga chesisi, ile fremu ya chini ya gari, kwa spana mara nne: ko, ko, ko, ko. Maana yake kazi imekwisha, twende tukale. Tulikula kwa mama ntilie wa getini, ugali na sangara kwenye sahani moja, na yeye alikula theluthi mbili huku akiniambia nina bahati ya kula na mtu asiye mchoyo. Nilimpenda yule kijana. Tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyekuwa amenifokea kwa uchangamfu namna ile.

Jumamosi binti yangu alikuwa akiniletea ovaroli safi karakanani. Akifika, kijana anaangusha spana. Mimi ninayeweza kusikia beringi iliyokwisha gari likiwa bado barabarani, hilo sikulisikia. Mpaka mwaka wa pili, Jumapili moja tukiwa nyumbani Kisesa, wakaja wazee wawili kutoka Misungwi wamevaa makoti. Kaka yangu mkubwa akawakaribisha, wakaanza kuongea habari za mvua. Ukiona wageni wanaongea mvua muda mrefu hivyo, jua wamekuja na posa.

"Kijana wetu ni mtu wa kazi," mmoja akasema hatimaye. "Anasoma ufundi. Tena yuko darasa moja na mama mwenye nyumba."

Nikakaa chini juu ya gunia la pumba. Binti yangu alikuwa ameshika trei ya chai, macho kwenye vikombe, na tabasamu limemshinda kulificha. Nikaona anamtaka, nikafurahi kweli. Halafu nikahesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani wa mwisho. Zilikuwa sita. Posa ikapokelewa.

Kwa wasiotujua, kwetu Wasukuma, posa ikishapokelewa, mkwe haguswi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Ni heshima, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Sikuwahi tu kufikiria itakuwaje ndani ya pikapu.

Jumatatu kijana aliponiona getini alijificha nyuma ya tenki la maji. Alipokosa pa kukimbilia alichuchumaa hatua kumi mbali nami, akageukia tairi la akiba. "Shikamoo, mayu," akaliambia tairi. "Marahaba," nikajibu, nikitazama paa. Mwalimu wetu, mtu wa Tanga, akauliza kama tumegombana.

"Ameposa," nikasema. Macho ya darasa zima yakahamia kwangu, ikabidi niongeze haraka kwamba aliyeposwa ni binti yangu.

Tangu hapo kazi ikawa vituko. Spana haikutoka tena mkononi mwake kuja mwangu. Aliiweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, ndipo nikaiokota. Kwa mama ntilie alikaa meza ya mwisho akanipa mgongo, nami nikabaki na sahani nzima ambayo sikuweza kuimaliza. Na kwenye breki ndiko tulikoharibikiwa kabisa. Mtu hamwamrishi mama mkwe wake. Kwa hiyo kutoka uvunguni ilikuja sauti ya mtu aliye kanisani: "Samahani sana, mayu, kama hutajali, naomba kama ingewezekana pedeli ikanyagwe kidogo." Sentensi ilipofika mwisho, nati ilikuwa wazi zamani na upepo umeshaingia. Kwenye mtihani wa majaribio pedeli ilizama kama mguu kwenye jaruba la mpunga. Tukafeli wote wawili.

Mwalimu akatuita. Majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa wawili wawili, msimamizi anatoka nje ya chuo, na alama ni za pamoja. Tukifeli breki, tunarudia mwaka. Kuna watu ambao kwao mwaka si kitu. Mimi nilikuwa nimebakiza ng'ombe mmoja, na kufuli la banda la mashine lilikuwa limeanza kushika kutu. Kila nikikanyaga pedeli nilikuwa naona uso wa yule fundi wa nozeli.

Nikaenda Kisesa kumwomba kaka atulegezee mila.

"Ngoja waoane, wazae," alisema. "Wajukuu wakija mambo yanakuwa mepesi."

"Kaka, mtihani hausubiri wajukuu."

"Na mila haisubiri mtihani," akajibu, akaomba aongezewe chai.

Binti yangu naye akasema basi wavunje uchumba kwanza mpaka nimalize chuo, kisha akalia. Nikamkatalia kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Kijana anayeogopa kumwaibisha mama mkwe wake kiasi kile haachwi.

Dawa ilikuja kwa bahati. Siku moja, baada ya kushindwa kama kawaida, kijana akajisahau, akagonga chesisi mara nne. Nadhani alikuwa anajiuma ulimi. Mimi nikacheka mpaka nikaangukia usukani, honi ikalia. Baada ya muda, kule chini kukagongwa mara moja, taratibu, kama mtu anayeuliza. Nikakanyaga. Kukagongwa mara mbili, nikashikilia. Mara tatu, nikaachia. Mila imekataza mengi, lakini spana haikutajwa. Tukafanya kazi wiki mbili bila neno, na pedeli ikaanza kuwa ngumu.

Siku ya mtihani akaja msimamizi, mzee mwembamba mwenye miwani na fomu mkononi. Akasimama kando ya pikapu akitusikiliza tusivyosema.

"Mbona hamsemezani? Hapa kuna alama za mawasiliano."

"Huyo aliye chini ni mkwe wangu," nikasema.

"Ala!" Akarudi nyuma hatua tatu, akaangalia pembeni kama vile yeye ndiye aliyeposa. Nikajua huyu ni wa kwetu.

Magurudumu mawili yakaenda vizuri. La tatu, wenzetu wa gari la jirani wakaanza kunyoosha rimu kwa nyundo. Nikasikia mlio mmoja, nikakanyaga. Nikasikia mitatu, nikaachia. Nikasikia saba, nikachanganyikiwa. Nilikuwa namtii mtu nisiyemjua. Uvunguni nikasikia mkwe wangu anatema mafuta ya breki. Msimamizi akatazama saa yake.

"Kanyaga, mayu!" Sauti ile ya machungani ikapasua karakana. "Kanyaga! Shikilia hapo hapo! Unalala?"

Watu wote wakanyamaza, hata wenye nyundo.

"Nimeshikilia!" nikapaaza. "Funga nati, usiniswage kama ng'ombe wako!"

"Achia! Haya tena! Kanyaga!"

Gurudumu la tatu na la nne tuliyamaliza hivyo, tunafokeana, na nasema ukweli, sikuwa nimefurahi namna ile tangu posa ije. Msimamizi akajaribu pedeli, ikawa ngumu kama jiwe. Akaandika alama za mawasiliano huku ametazama ukuta. Lakini kijana hakutoka uvunguni. Miguu yake ilikaa pale nje bila kutikisika mpaka mimi nilipoondoka kabisa, na hakugonga mara nne. Hilo liliniuma. Nilijua tumefaulu, na bado nilitembea hadi Butimba nikitaka kulia. Nilikuwa nimepata mkwe mwema na kumpoteza mwenzangu wa kazi.

Matokeo yakatoka, tukawa tumefaulu kweli. Habari za zile kelele zilipofika Kisesa, kaka aliamua kijana alete mbuzi kwa kunifokea, na mimi nitoe kuku kwa kumjibu. Wote wawili, mbuzi na kuku, wakaliwa harusini.

Ndipo nikafungua lile kufuli. Nilifungua injini kwa mikono yangu, mbele ya wanawake na mabeseni yao, na ilikuwa nozeli kweli, kile kidude kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini. Yule fundi hakunidanganya, alinidharau tu, na mpaka leo sijui kipi kibaya zaidi. Nikaweka mpya. Injini ikawaka, lakini kwa kukohoa. Tatizo ni kwamba bomba la moshi linapita kwenye ukuta wa bati na kutokea nje. Anayerekebisha mafuta ndani hauoni moshi, na bila kuuona moshi anabahatisha. Binti yangu na mumewe walikuwa wamekuja kunitembelea. Mkwe, kwa adabu, alikuwa amebaki nje nyuma ya ukuta, pale bomba la moshi linapotokea.

Nikaizungusha skrubu ya mafuta kidogo. Kwenye bati kukagongwa mara moja. Nikazungusha tena. Moja nyingine. Nikaongeza kidogo sana, na hapo zikaja mbili. Nikashikilia hapo hapo, nikakaza. Injini ikatulia, ikaanza kuunguruma kama zamani za marehemu, na wanawake wakapiga vigelegele.

Nikasaga mpaka beseni la mwisho, nikazima. Kukawa kimya bandani. Kisha kwenye bati: ko, ko, ko, ko.

Nikakaa chini, mgongo ukutani, mikono imejaa grisi, machozi yananitoka na ninacheka. Binti yangu akaleta ugali na sangara sahani mbili, moja akanipa mimi, moja akaitoa nje. Nilimsikia mkwe wangu ameegemea bati upande wa pili, anakula kwa ile haraka yake, na nikamsikia anamaliza kabla sijaanza. Nikamega theluthi moja nikaiweka kwenye kisahani changu, iliyobaki nikamrudishia binti yangu.

"Mpelekee mumeo," nikamwambia. "Mwambie imebaki jikoni."