Jina la Mtoto Mwenye Mbwa

Nyumba niliyoolewa, huko Ushirombo, ilikuwa ya chumba kimoja na kuta zake zilibandikwa magazeti. Mume wangu aliyapata kwa mtunza ghala la pamba, akayabandika kwa uji wa muhogo ili udongo usitudondokee kwenye chakula. Hakujua kusoma, kwa hiyo mengine aliyaweka kichwa chini miguu juu. Alipomaliza akaenda machimbo ya Rwamgasa kutafuta dhahabu, akaniacha na wazazi wake.

Ukutani kando ya kitanda palikuwa na katuni za mtoto na mbwa wake, picha nne nne, kila gazeti na kituko chake. Mtoto kaptula inamvuka, mbwa sikio moja limekatika. Mtoto akitumwa mafuta ya taa anasahau njiani, mbwa ndiye anayerudi nyumbani na kopo mdomoni. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza na sikutoka ila kwenda shamba, kisimani na kanisani. Wale wawili walikwenda popote walipotaka. Niliwaonea wivu, ndiyo, watu wa karatasi.

Kilichonitesa zaidi ni barua. Mume wangu aliandikiwa barua zake na mchimbaji mwenzake, nazo zikaja kwa baba yake. Katekista alizisoma uani, mimi nikiwa mbali, maana kwetu mkamwana hakai karibu na baba mkwe wala hamtazami usoni. Baadaye mama mkwe ananiletea neno: hajambo, anakusalimu. Karatasi imejaa pande mbili, kisha salamu tu?

Kisomo cha watu wazima kilipofika kwetu niliomba ruhusa. Jibu la baba mkwe lilikuja kwa kupitia mkewe: niende, na nikifaulu mtihani barua nitazisoma mimi. Nikishindwa, nirudi kwenye jembe.

Wanawake niliosoma nao nawakumbuka wote, jina na jina la baba, ila siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu zao ni majirani zangu. Niliwapita wote, maana wao walirudi nyumbani kwenye kuta za udongo, mimi nilirudi kwenye somo. Kila jioni kabla jua halijazama nilisoma katuni zile, nyingine nimepinda shingo kama kuku anayetazama mwewe.

Lakini yule mtoto wa katuni alikuwa na jina moja na baba mkwe wangu. Mkamwana halitamki jina hilo, hata akipewa mbuzi. Basi kila nilipolifikia nilisema "yule mtoto" na kuendelea.

Siku ya mtihani mwalimu wetu, kijana aliyetoka pwani, alitoa gazeti mfukoni akasema amechagua kitu chepesi ili tusiogope. Nilipoona sikio lile lililokatika, nikajua ni jina gani linaningoja.

Zamu yangu ilipofika nikasoma kwamba yule mtoto alimwita mbwa wake waende mtoni. Mwalimu akasema hapo hapajaandikwa yule mtoto. Nikarudia vile vile. Akaniambia nimekariri, sisomi. Mama mmoja mtu mzima akamweleza taratibu kwamba hilo ni jina la mkwe wangu.

"Kwenye mtihani hakuna mkwe," mwalimu akasema.

Wanawake wakacheka, na mimi nusura nicheke. Akaweka kidole chini ya neno lile.

"Neno moja tu, mama. Nikupe alama zako."

Herufi zote nilizijua. Nilikitazama kidole mpaka alipokiondoa, akaandika kwenye karatasi yake kwamba sijui kusoma.

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Baba mkwe alifurahi mno, akachinja jogoo, akaita watu kuwaeleza kwamba boma lake limepata mkamwana mwenye adabu. Nikamwuliza mama mkwe, na zile barua je? Akasema, si umeshindwa.

Wiki chache baadaye ikaja barua. Baba mkwe alikuwa mnadani na ng'ombe, katekista yuko kigango cha mbali. Mama mkwe hakuweza kungoja. Aliniita jikoni, akaitoa chini ya kanga.

"Nisomee, bhebhe, nisomee wewe. Polepole."

Nikaruka jina lililokuwa juu, nikasoma. Mume wangu aliandika kwamba amepata nyumba kule machimboni. Alisema hii ni mara ya tatu anamwomba baba aniruhusu nimfuate kabla mimba haijawa nzito, akauliza kwa nini hajibiwi.

Mama mkwe alisonga ugali kwanza, mpaka ukaiva. Kisha akainyakua barua, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile.

"Haikuandikwa hivyo."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mayu, mama yangu."

"Hujui kusoma wewe. Mwalimu alisema mbele ya watu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo ameshaondoka.

"Ukienda na wewe," akasema, "nitapalilia na nani?"

Ningemwambia nani? Baba mkwe siongei naye. Katekista angeuliza nimejuaje, na mwanamke aliyeandikwa kwamba hajui kusoma angejibu nini? Nikachukua jembe, tukaenda wote wawili kwenye pamba, yeye mstari wake na mimi wangu. Mtoto wangu alizaliwa wakati wa kuchuma, na aliyempokea mikononi ni mama mkwe.