Bonde Nililoliruka

Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha kutengeneza redio hapa Matisi, Kitale, mimi husoma mstari wa Biblia. Mmoja tu. Huusoma kwa sauti, hufunika kitabu, huomba kwa maneno ya mstari huohuo, kisha huenda nao kazini. Hakuna aliyenifundisha. Niliuona utaratibu huu unanifaa, kama nilivyojifunza redio kwa kuzifungua.

Mama alipoambiwa atapasuliwa mtoto wa jicho, aliniita Bungoma. Jicho lake la pili lilikuwa limekufa zamani. Hofu yake ilikuwa moja, naye aliisema bila kuzunguka: hili likiharibika, hataisoma Biblia yake tena. Alitaka nimpe maneno ya kukaa nayo gizani, jicho likiwa chini ya bandeji.

Nilichagua zaburi ya mchungaji. Tulikaa jikoni tukipukuchua mahindi ya mbegu. Kwetu mbegu hutoka katikati ya hindi. Punje za ncha na za kitako ni za kuku. Nilisoma mstari, tukanyamaza, vidole vikaendelea, kisha Mama akauomba kwa maneno yake, akichanganya na habari za ng'ombe wake. Tukapita malisho, tukapita maji, tukafika mezani. Bonde la giza nililiruka. Niliona halimfai mtu anayengoja kisu.

Mama alitupa gunzi kapuni.

"Baba," akasema, maana mimi nina jina la babake, "bonde umewapa kuku?"

Nikamwambia nilitaka kumpunguzia hofu.

"Hofu ninayo tayari. Wewe umenipunguzia mchungaji."

Akanieleza kwamba katika usichana wake alichunga ng'ombe upande wa Cheptais. Mchana, wakiwa kwenye majani, ungeweza kuwaacha ukasinzia. Lakini wakivuka korongo jioni ulitembea ubavuni mwao, ukigonga fimbo kwenye mawe ili wajue upo. Basi tukarudi kwenye mstari ule wa bonde, tukakaa nao mpaka mahindi yakaisha.

Baada ya upasuaji nilimkuta amelala chali, jicho limefungwa, midomo inacheza. Niligonga ukingo wa kitanda kwa funguo zangu, polepole.

Akatabasamu. "Endelea kugonga," alisema.

Asubuhi muuguzi alitoa bandeji. Mama alitazama dirisha kwa muda mrefu, akanigeukia, akasema kumbe nimeota mvi na hakuna aliyemwambia. Kisha akataka Biblia. Aliisogeza karibu na pua, akaifuata zaburi ile kwa kidole, taratibu, hadi kidole kikasimama bondeni.

"Liko," alisema. "Nilidhani umelikata."