Sikio la Fundi Spika

Kwa miaka ishirini na sita fundi spika alithibitisha kazi yake kwa njia moja: anafungua sauti mpaka mwisho, vioo vya kibanda vinatetemeka, kisha anatega sikio shubiri moja tu kutoka kwenye spika, asikie kama koili, ule waya uliosokotwa ndani yake, inakwaruza. Wateja waliipenda njia hiyo. Mtu akisikia spika yake inanguruma hadi ng'ambo ya barabara, habishani tena. Aliyeumia ni sikio, na sikio halina mdomo wa kulalamika.

Asubuhi moja mwalimu wa kwaya alirudisha spika yake kwa mara ya pili.

"Fundi, tuita, hii spika ndogo ya juu, haitoi kitu. Sauti za juu zote hazipo."

"Zipo, mwalimu. Niliisikiliza mwenyewe."

"Uliisikiliza kwa kutumia nini?"

Fundi akaiunganisha, akafungua sauti. Besi ipo, ngoma zipo, mwimbaji yupo. Kwake hakikupungua kitu. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa akikata kitambaa cha kufunikia spika.

"Mama watoto, tuita unaisikia?"

Mkewe alipunguza sauti kwanza. "Imekufa, baba. Hata jana ilikuwa imekufa. Nilidhani unasubiri kipuri."

Alipopima kwa mita, ikawa kweli. Waya alioulehemu kwa mkono wake haukushika. Aliulehemu upya, mwalimu akasikiliza, akaridhika, akabeba mzigo wake. Mlangoni alisema, "Mkono wako bado mzuri, fundi. Sikio lipeleke hospitali."

Fundi akaketi. Ule mlio kama wa nyenje uliomjia kichwani kila jioni alikuwa akiuita uchovu. Wajukuu aliwaambia wanamung'unya maneno. Hospitali angekwenda, lakini alijua kilichokwisha kufa sikioni hakina kipuri.

"Utanisikilizia wewe," alimwambia mkewe. "Kule nyuma ya kibanda, wateja wasijue."

"Sijifichi. Nikisikiliza, nakaa hapa mezani, mbele ya mteja. Na sauti haipiti nusu."

"Watasema spika hazina nguvu. Tuseme robo tatu."

"Nusu."

"Basi nusu, na kidogo juu yake siku za sikukuu."

"Unataka nyumba nzima tuwe viziwi? Nusu."

Katika maisha yake hakuwahi kubishania bei akakosa kupunguziwa hata kidogo. Siku hiyo alikosa, akakubali, kwa sababu bila sikio la mkewe kibanda kilikuwa kimekwisha.

Mchana akaja kinyozi wa jirani kuchukua spika yake. "Ipandishe, fundi, tusikie moto wake."

"Mwisho wake hapo," fundi alisema. "Ukiipandisha zaidi unaichoma koili, na wateja wako unawachoma masikio. Kama ni nzima au mbovu, muulize huyu."

Mkewe alivuta kiti, akainamisha kichwa. Fundi alirudi nyuma hatua tatu, akasimama akimtazama usoni, ajue kama kazi yake mwenyewe ni nzuri.